Oveni Inawaka, Wewe Uko Wapi?

Karibu kila ninapomaliza kufunga oveni, mwenye nyumba huniuliza: "Fundi, nikiiacha inaoka nikatoka kidogo, kuna shida?" Nami humuuliza, kidogo mpaka wapi? Ukiwa chumba cha pili, unasikia kengele yake na harufu inakufikia, sina neno. Kutoka nje ya nyumba au kwenda kulala, hapana.

Oveni isiyo na hitilafu haiwaki mfululizo. Ukiiweka nyuzi 180, koili huwaka mpaka joto lifike, themostati, yaani swichi inayofuata joto, ikakata umeme. Joto likipungua, ikarudisha. Kata, rudisha, siku zote za maisha yake. Ugonjwa huanzia hapo. Kila inapokata, cheche ndogo huruka kati ya vile visahani viwili vya chuma vinavyogusana ndani ya swichi hiyo, na baada ya miaka vinaweza kugandana. Vikigandana, hakuna tena wa kukata, joto linapanda tu. Oveni nyingi zina kikatio cha pili kwa ajili ya siku hiyo, lakini nimefungua kadhaa nikakuta aliyenitangulia amekiruka, akaunga nyaya dairekti ili kazi iishe haraka. Mwenye oveni hana habari.

Hata hivyo, kinachoniogopesha zaidi ni mafuta. Ya kupikia hutoa moshi kwenye nyuzi 200 na kitu, na yakipita 350 au zaidi kidogo huweza kujiwakia bila kiberiti. Yakidondokea koili yenyewe, iliyoiva nyekundu, hayasubiri themostati iharibike. Kwa hiyo keki ndani ya chombo chake hainitii wasiwasi kama kuku anayechuruzika juu ya waya.

Kwa oveni ya gesi, angalia jambo moja. Je, unapoiwasha hulazimika kukandamiza kitufe sekunde kadhaa ndipo mwali ushike? Hapo kuna kijiti cha chuma kinachopashwa na mwali. Mwali ukizimika kinapoa, na valvu inajifunga yenyewe muda mfupi baadaye. Kama mwali unashika mara tu unapoachia, huenda kinga hiyo haipo, na mwali ukizimika gesi itaendelea kutoka kimyakimya.

Moto ukitokea ndani, zima oveni na usifungue mlango. Hewa ikiisha humo, moto nao hufa. Utazame kupitia kioo. Ila lazima awepo mtu wa kuzima.