Kumwaga bakteria kwenye sahani si kuambukiza oganoidi

"Nikishamwaga bakteria nisubiri saa ngapi?" Swali hili huletwa na karibu kila mwanafunzi anayeanza kazi ya oganoidi za utumbo, yaani vijitufe vya seli vinavyokuzwa maabara kuiga utando wa utumbo, na wengine huja wakiwa wameshamwaga. Wanadhani oganoidi ni kama lile tabaka la seli walilolizoea, ambalo chochote ukiweka juu yake kinafika.

Hakifiki. Oganoidi iliyokuzwa ndani ya jeli ni kitufe chenye uwazi katikati. Uso wa seli ambao mwilini hukutana na chakula na vijidudu umeelekea ndani, kwenye huo uwazi. Kilichobaki nje ni upande wa damu. Mwaga bakteria wa Salmonella kwenye kiowevu cha kulishia seli: nyingi zitakwama kwenye jeli, na zitakazopenya zitaingia kwa mlango wa nyuma. Zilizobaki huku nje zinazaana, zinakula glukosi, kiowevu kinageuka asidi, seli zinakufa. Kesho yake naletewa grafu: "sumu ya bakteria imeua seli." Sumu ipi? Umeziua kwa njaa!

Ukitaka kufika ndani, dunga kwa sindano ya kioo chini ya hadubini. Ndivyo Cryptosporidium, kimelea cha kuhara, ilivyoingizwa, na mwaka 2018 ikaripotiwa kwamba kimelea hicho kilikamilisha mzunguko wake wote wa maisha humo. Lakini inataka mkono usiotetemeka. Njia nyingine, iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2019, ni kuiondoa jeli, oganoidi ikajigeuza yenyewe ndani nje. Mimi anayeanza namwambia avunje oganoidi apande seli zake kuwa tabaka bapa. Hivyo ndivyo maabara ya mtaalamu wa virusi Mary Estes kule Houston, Marekani, ilivyofanya mwaka 2016 ikakuza norovirusi ya binadamu, kirusi cha kutapika na kuhara kilichowashinda watafiti kwa miongo. Aina nyingine za norovirusi hata hapo zilikataa mpaka zilipoongezewa nyongo.

Na kabla hujagusa bakteria, paka rangi ya aktini, protini iliyojaa kwenye uso ule wa ndani, uone uso wa seli umeelekea wapi. Antibiotiki nazo zitoe kwenye kiowevu mapema. Hili nalirudia mpaka nachosha watu, na bado husahaulika.

Watu wanaotupa sampuli za utumbo wao huuliza kama tunawakuzia utumbo mpya. Hapana: ni utando wa juu tu, hauna mishipa ya damu, neva wala seli za kinga, isipokuwa tuziongeze. Wala oganoidi hizi hazihitaji seli za mimba. Seli shina za mtu mzima, zile zinazozaa seli nyingine za utumbo, zinatosha. Watafiti Sato na Clevers walionyesha mwaka 2009, kwa utumbo wa panya, kwamba hata seli shina moja inaweza kuanzisha oganoidi.

Wengine huniambia: "Oganoidi za mtu mmoja zinatosha." Jaribu norovirusi ya aina ya GII.4 kwa oganoidi za mtu ambaye jeni yake ya FUT2, inayosaidia kutengeneza sukari ambayo virusi hujishikiza kwayo, haifanyi kazi: haitakua, nawe utalaumu virusi.

Wapo pia wanaojisifu kwamba wameachana na wanyama. Waulize jeli yao imetoka wapi. Iliyozoeleka zaidi hutengenezwa kutokana na uvimbe wa saratani ya panya.