Taima za maikrosekunde kwenye ESP32: somo nililolipata kwenye mashine ya vifaranga

Mashine ya kutotolesha vifaranga niliyomtengenezea mfugaji mmoja wa Kibaha hupata joto kutoka kwa balbu nne za waya, kila moja ya wati 100. Mayai ya kuku yanahitaji joto la nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21, na kiinitete hakivumilii joto linalopanda na kushuka ovyo. Kwa sababu hiyo sikutaka kuziwasha na kuzizima balbu kwa rilei. Nilichagua kupunguza nguvu yake kwa triaki (swichi ya kielektroniki), yaani kuuruhusu umeme upite katika sehemu tu ya kila wimbi, na kazi ya kuamua wakati wa kuifungua triaki hiyo nikaikabidhi ESP32, mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) yenye Wi-Fi. Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nizichunguze kwa karibu taima za programu zinazohesabu kwa maikrosekunde, na nadhani ni mfano mzuri wa kuzieleza, kwa sababu kosa la wakati huonekana kwa macho: taa huchezacheza.

Tuanze na hesabu. Umeme wetu wa gridi ni wa hezi 50, kwa hiyo wimbi zima huchukua milisekunde 20, nusu yake milisekunde 10, na kila baada ya milisekunde hizo 10 volti hupita kwenye sifuri. Saketi ndogo yenye optokapla (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga) huipa ESP32 ishara kila sifuri inapovukwa. Programu ikisubiri maikrosekunde 5,000 tangu hapo ndipo iifungue triaki, balbu hupata nusu ya nguvu yake. Ikisubiri 2,000 hupata nyingi, ikisubiri 8,000 hupata kidogo. Katikati ya nusu wimbi, pale volti inapokuwa kileleni, kila maikrosekunde 50 za kuchelewa hupunguza takriban asilimia moja ya nguvu kamili. Kwa hiyo tunahitaji taima ya kupiga mara moja, ianzishwe upya mara 100 kwa sekunde, na isikose kwa zaidi ya makumi machache ya maikrosekunde.

Taima za kawaida za FreeRTOS, mfumo mdogo wa uendeshaji unaotumika kwenye ESP32, haziwezi kazi hiyo. Zenyewe hupimwa kwa tiki ya mfumo, yaani pigo la saa linalojirudia, na katika ESP-IDF, mazingira ya kuandikia programu za ESP32, tiki hiyo kwa chaguo-msingi ni mara 100 kwa sekunde, yaani milisekunde 10 kila moja, urefu uleule wa nusu wimbi zima. Wapo wanaopandisha tiki hadi mara 1,000 kwa sekunde wakidhani wamemaliza tatizo. Hapo unapata hatua kumi tu za nguvu katika nusu wimbi, na hatua moja ya katikati inabeba karibu asilimia 20 ya nguvu yote. Zaidi ya hayo, tiki haina uhusiano wowote na wimbi la umeme: mara inaangukia mwanzo wa milisekunde, mara mwisho wake, na taa huyumba polepole kadiri saa hizo mbili zinavyopishana.

Njia iliyopo ni maktaba ya esp_timer, na inafaa kuelewa inavyofanya kazi ndani yake, kwa kuwa wazo hilohilo utalikuta kwenye karibu kila mikrokontrola. Kuna kaunta moja tu ya maunzi inayopanda bila kusimama, na kilinganishi kimoja kinachotoa katizo (ishara ya kuifanya prosesa iache ilichokuwa ikifanya) pale kaunta inapofikia thamani uliyoiandika. Juu ya kaunta hiyo moja programu hujenga taima nyingi: kila taima ina wakati wake wa kutimia, zote zimepangwa kwenye orodha kuanzia iliyo karibu zaidi, na kilinganishi huandikiwa wakati wa ile ya kwanza peke yake. Katizo likija, programu huziondoa kwenye orodha taima zote zilizotimia, huita funksheni zake, kisha huandika kilinganishi upya kwa ajili ya inayofuata. Linux, ambayo nayo ina taima za namna hii, huzipanga kwenye mti (muundo wa data wenye matawi) ili iweze kubeba maelfu kwa wepesi. Mikrokontrola yenye taima kumi au ishirini haihitaji mti. Orodha ya kawaida inatosha, na ni rahisi zaidi kuithibitisha kwamba haina kosa.

Ugumu uko mahali padogo sana, na mtu anayejiandikia mwenyewe maktaba ya namna hii huangukia hapo. Tuseme kaunta inasoma 1,000,000 na taima inayofuata inatimia kaunta ikifika 1,000,003. Programu inasoma, inalinganisha, inaamua kwamba wakati bado, kisha inaandika 1,000,003 kwenye kilinganishi. Lakini hadi uandishi huo unapokamilika kaunta imeshafika 1,000,004. Ikiwa maunzi hutoa katizo pale tu namba mbili zinapolingana, basi nafasi imepita, na katizo halitakuja mpaka kaunta izunguke yote na kurudi pale. Kaunta ya biti 32 inayohesabu maikrosekunde huzunguka kila baada ya dakika 71 na nusu hivi. Taima yako haijafa; itapiga baada ya saa moja na zaidi, nawe utakuwa umeshaizima na kuiwasha bodi mara tano ukitafuta kosa lisilojirudia. Dawa yake ni kuisoma kaunta tena *baada* ya kuandika kilinganishi, na ukikuta wakati umeshapita, ulichukulie katizo kama limekuja. Ukaguzi huo wa pili ni mstari mmoja tu, na mimi huuangalia kabla ya kitu kingine chochote ninapopewa maktaba ya taima ya mtu nisiyemfahamu.

Ukitumia esp_timer huhitaji kuandika hayo yote, kwa kuwa yameshashughulikiwa. Linalokuhusu wewe ni kujua taima inakuahidi nini. Inakuahidi kwamba funksheni yako haitaitwa *kabla* ya wakati wake. Haiahidi kwamba itaitwa wakati huo huo. Kupima kwa maikrosekunde ni sifa ya kaunta, ilhali kufika kwa wakati ni sifa ya njia nzima iliyopo kati ya katizo na mstari wako wa msimbo, na njia hiyo ina watu wengi.

Kwa chaguo-msingi, esp_timer haiiti funksheni yako ndani ya katizo lenyewe. Katizo huiamsha taski (kazi inayoendeshwa na FreeRTOS) maalumu yenye kipaumbele cha 22, na taski hiyo ndiyo inayoziita funksheni zote, moja baada ya nyingine, kwenye kiini namba sifuri cha prosesa. Hapo kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, funksheni moja ikichelewa huzichelewesha zote zilizo nyuma yake. Ukiweka ndani yake amri ya kuchapisha maandishi kwenye seriali, taima ya triaki itasubiri maandishi yaishe. La pili, taski ya Wi-Fi ina kipaumbele cha 23, ambacho ni cha juu zaidi, na kwa kawaida hukaa kwenye kiini hichohicho. Mashine ya Kibaha ilikuwa na ukurasa mdogo ambao mfugaji aliufungua kwa simu ili kuona joto la ndani, na kila alipoufungua balbu zilipepesa. Yeye ndiye aliyeliona jambo hilo kwanza, akanipigia simu kuniuliza kama ukurasa unakula umeme wa taa.

Nilihamisha basi taima ya triaki kwenye namna ya pili, ambayo funksheni huitwa moja kwa moja ndani ya katizo. Namna hii lazima iwashwe kwanza kwenye mipangilio ya mradi, na funksheni inayoitwa lazima iwe fupi kabisa: ipandishe pini, basi. Kupepesa kulikoletwa na ukurasa kuliisha. Kukabaki kwingine, kila baada ya dakika moja kamili, na huko kulinichukua muda mrefu zaidi kukuelewa.

Kila dakika programu ilihifadhi joto lililopimwa kwenye kumbukumbu ya flashi. ESP32 husoma programu yake kutoka kwenye flashi hiyohiyo kupitia kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo kati yake na prosesa), na inapoandika au kufuta, kashe hiyo huzimwa kwa muda. Wakati huo taski husimama kwenye viini vyote viwili, na makatizo ambayo hayakusajiliwa kuwa salama kwa hali hiyo huahirishwa mpaka flashi imalize. Kufuta sekta moja ya flashi kunaweza kuchukua makumi ya milisekunde, yaani nusu mawimbi kadhaa ambamo balbu hazipati chochote. Funksheni yangu ya triaki nilikuwa nimeshaiweka kwenye kumbukumbu ya ndani kwa alama ya IRAM_ATTR, lakini katizo la pini ya kuvuka sifuri, lile linaloianzisha taima, nililisajili kwa namna ya kawaida. Mnyororo mzima ulikatika kwenye pete hiyo moja. Kanuni ninayoifuata tangu wakati huo ni kuifuata njia yote, kutoka ishara inapoingia hadi pini inapopanda, na kuhakikisha kila funksheni na kila data inayoguswa katikati iko kwenye kumbukumbu ya ndani, pamoja na funksheni ndogo zinazoitwa na zile kubwa.

Kuna kuchelewa ambako ni kubaya kuliko kupepesa. Chukua balbu iliyopangiwa nguvu ya chini kabisa, yaani triaki ifunguliwe maikrosekunde 9,700 baada ya sifuri. Funksheni ikichelewa kwa maikrosekunde 500 tu, itaifungua triaki maikrosekunde 200 ndani ya nusu wimbi linalofuata, na triaki ikishafunguka haizimiki mpaka sifuri nyingine. Balbu iliyotakiwa kuwa hafifu itawaka kwa nguvu karibu yote. Kwa hiyo funksheni yangu huanza kwa kusoma saa kwa esp_timer_get_time, huiondolea wakati wa sifuri iliyoianzisha taima, na ikikuta zimepita zaidi ya maikrosekunde 9,800 hurudi bila kufanya lolote. Ni heri kukosa pigo moja kuliko kulipiga mahali pasipo pake. Urefu wa nusu wimbi nao nauhesabu kutokana na ishara zenyewe, siuandiki kuwa 10,000, kwa sababu umeme ukikatika na jenereta likachukua nafasi, hezi 50 hubaki kuwa hezi 50 kwa kukadiria tu.

Hesabu hiyo ya kutoa wakati mmoja kutoka mwingine ina mtego kwa wanaotoka kwenye bodi za Arduino. Huko micros(), funksheni ya kusoma saa, hurudisha namba ya biti 32 isiyo na alama (isiyoweza kuwa hasi), nayo hurudi sifuri baada ya dakika 71 na nusu zile zile. Kwenye bodi zenye chipu ya ATmega328P ya megahezi 16 hupanda kwa hatua za maikrosekunde nne. Ukitoa wakati wa mwanzo kutoka wakati wa sasa kwa namba zisizo na alama, jibu hubaki sahihi hata kaunta ikizunguka katikati. Ukijumlisha wakati wa mwanzo na muda kisha ukauliza kama sasa ni kubwa kuliko jumla hiyo, utakosea mara moja katika kila mzunguko. Namba ya esp_timer_get_time ni ya biti 64 na haitazunguka katika maisha ya kifaa chochote, lakini wengi huiweka kwenye kigezo cha biti 32 bila kufikiri na kuurudisha ugonjwa uleule.

Joto lenyewe linadhibitiwa na taima ya pili, ya kujirudia kila sekunde. Hii niliiacha kwenye taski ya kawaida, kwa kuwa milisekunde chache hapa hazina maana. Jambo zuri la taima za kujirudia za esp_timer ni kwamba wakati unaofuata huhesabiwa kutoka wakati uliopangwa awali, si kutoka wakati funksheni ilipoitwa kweli, kwa hiyo kuchelewa hakulimbikizani. Upande wa pili wa sifa hiyo ni kwamba vipindi kadhaa vikipita bila kuhudumiwa, funksheni huitwa mfululizo ili kufidia, na kidhibiti cha joto kikiitwa mara tatu kwa mpigo hudhani sekunde tatu zimepita. Mpangilio wa skip_unhandled_events huzuia hilo.

Kwenye mashine ninayoijenga sasa, pigo la triaki nimeliondoa kabisa kwenye taima ya programu. ESP32 ina kitengo cha MCPWM, maunzi ya kutoa mapigo ya kuendeshea injini, ambacho kinaweza kusawazishwa na ishara ya nje kwenye pini: sifuri ikivukwa kaunta ya kitengo hurudishwa mwanzo na maunzi yenyewe, na pigo hutoka kwa wakati wake iwe Wi-Fi ina shughuli au flashi inafutwa. Programu hubadilisha namba moja tu, ile ya kuchelewa, na inaweza kufanya hivyo kwa nafasi yake. Esp_timer imebaki na kidhibiti cha joto, king'ora cha mlango ulioachwa wazi, na injini ya kugeuza mayai kila baada ya saa mbili.