Kwa nini chuma chenye vishimo huteleza kuliko kilicholainishwa kama kioo?

Mpelekee fundi wa injini pale Gerezani, Dar es Salaam, bloku ambayo silinda zake zinang'aa kama kioo, uone kama atakusifu. Atachukua mawe ya msasa, ayazungushe ndani huku akiyapandisha na kuyashusha, mpaka ukuta ubaki na michoro midogo inayokatana. Mwenye gari anabaki kujiuliza: nimelipa hela ili achafue kitu kisafi? Lakini fundi yuko sahihi. Ukuta ukilainika kupita kiasi, oili haina pa kushika. Ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni inayopanda na kushuka humo, zikipita zinaifuta, na chuma kinasuguana na chuma.

Leza hufanya kazi ya jamii hiyo hiyo, ila kwa kipimo. Mwanga wake hupigwa kwa vipigo vifupi mno, na kila kipigo huvukiza chembe ya chuma. Panabaki kishimo cha duara chenye upana wa mikroni kama 100 (mikroni 1,000 ni milimita moja), unaozidi kidogo unene wa unywele, na kina cha mikroni 10 hivi. Umbo lake basi ni la kisahani, wala si la kikombe. Maelfu ya vishimo hivyo hupangwa kwenye uso mmoja. Izhak Etsion wa chuo cha Technion, Israel, ndiye aliyeisukuma sana kazi hii tangu miaka ya 1990, kwenye sili za mitambo (vizibo vya kuzuia uvujaji) na ringi za pistoni.

Sasa utelezi unatoka wapi? Fikiria bodaboda inayokimbia Barabara ya Morogoro mvua imenyesha. Ikiingia kwa kasi kwenye maji yaliyotuama, maji yanabanwa mbele ya tairi, yanakosa pa kukimbilia, na yanaliinua tairi kutoka kwenye lami. Tairi limechongwa mifereji ili maji hayo yapate pa kutokea.

Kwenye injini tunataka kinyume chake: oili ikose pa kutokea. Uso mmoja ukipita juu ya mwenzake, unaiburuta oili ndani ya kishimo. Oili ikifika ukingo wa mbele, nafasi inakuwa finyu ghafla, presha inapanda, na nyuso mbili zinasukumana mbali. Kwenye ukingo wa nyuma presha hushuka, na ungedhani mnyonyo wa huko ungefuta faida yote. Haufuti, kwa sababu oili haivumilii kuvutwa: hukatika na kufanya viputo, na presha haiendelei kushuka. Kusukuma kunashinda kuvuta. (Mimi hapa ndipo napapenda kuliko kote.)

Ndiyo maana mkwaruzo kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ni hasara ilhali kishimo ni faida. Mkwaruzo mrefu ni mfereji, oili hutorokea humo, na kingo zake zilizoinuka hukwangua. Hata leza huweza kuacha kingo za chuma kilichoyeyuka kikaganda. Zisiposuguliwa zikaisha, utakuwa umejitengenezea mbuzi ya nazi.

Kuna faida nyingine. Pistoni hulazimika kusimama kila inapofika juu na kila inapofika chini kabla ya kugeuka. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni moja imesimama mara 100 kila sekunde. Inaposimama hakuna kasi ya kuburuta oili, na hapo vishimo hugeuka ghala, vikiwa na akiba yao ndani. Vumbi la chuma nalo hutumbukia humo badala ya kuchana ukuta.

Ila vipimo vikikosewa, msuguano huongezeka badala ya kupungua. Kwa hiyo usimwambie fundi wako ajaribu kwa drili. Ncha ya milimita 1 unaiona nyembamba mkononi, lakini tundu lake ni pana mara 10 kuliko kishimo cha leza.