Kidonda kufunga si kupona

Watu husema upasuaji wa urembo wa matiti ni kitu kidogo, ati kidonda kikifunga tu unarudi job. Hapana jamani. Ngozi hufunga kwa wiki 2 hivi lakini huko ndani bado kunapona, na kama uliwekewa implanti (kile kifuko cha kuongeza ukubwa wa titi) chini ya msuli wa kifua, msuli huohuo ndio unatumia kuinua na kusukuma vitu, so ukibeba beli ya mitumba Gikomba ama mawe ya mjengo mapema, damu inaweza vuja ndani ama implanti isonge. Kazi nzito ngoja kama wiki 6, daktari akikubali, na uanze polepole. Dada, ongea na bosi kabla ya upasuaji. Na titi moja likivimba ghafla, enda hosi siku hiyo hiyo, tafadhali.