Jasho jingi si mafuta kuyeyuka

Wapo Mombasa wanaofanya mazoezi chumbani madirisha yamefungwa, feni imezimwa, na nailoni wamejifunga tumboni, wakiamini jasho ndiyo mafuta yanayotoka. Sivyo. Jasho ni maji na chumvi. Kilo iliyopungua kwenye mizani hurudi ukishakunywa maji. Tena hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi: jasho hutiririka bila kukauka, na kukauka huko ndiko kunakoupoza mwili. Ukijifunga nailoni unajitafutia kizunguzungu, hata kuzirai, na hilo hunitia hofu kweli. Fungua dirisha, washa feni, chuchumaa na kuinuka alfajiri kabla jua halijakolea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mwongozo wake wa 2020 unahesabu hata vipindi vifupi.