Picha kwa ajili ya fundi: kuzihifadhi Garratt za Nairobi

Wengi wanaofika Makumbusho ya Reli ya Nairobi na kamera hurudi na picha ileile: uso wa injini kubwa, anga la buluu nyuma yake, na mtoto au mchumba amesimama mbele. Sina ugomvi na picha hiyo. Hata hivyo, kazi yangu ni kupiga picha za vyombo vikongwe vya usafiri kwa ajili ya uhifadhi, na ninayempigia ni fundi ambaye miaka mingi ijayo atakuta bomba limekatika au bati limeliwa na kutu, naye atataka kujua lilikuwaje lilipokuwa zima.

Chukua injini za Garratt za daraja la 59, yaani injini za mvuke zenye boila moja iliyobebwa katikati ya seti mbili za magurudumu. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliagiza 34 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, nazo zikaanza kazi mwaka 1955, zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ina uzito wa takriban tani 250 na urefu wa zaidi ya mita 31, na katika reli zenye upana wa mita moja hakuna injini ya mvuke iliyowahi kuzizidi nguvu. Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilizosalia ni mbili, na zote zimo humo makumbusho: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Gelai iko karibu na Ziwa Natron na Shengena iko Upareni, kwa hiyo shirika la pamoja lilipovunjika mwaka 1977 Kenya ilibaki na milima miwili ya Tanzania, jambo ambalo kila mtu na alifasiri apendavyo.

Urefu huo ndio unaomsumbua kwanza mpiga picha. Ukisogea karibu ukatumia lenzi pana ili injini yote iingie, magurudumu ya kandokando hupoteza uviringo na vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Mimi huweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kisha nikaihamisha sambamba na reli bila kubadili kimo wala umbali, nikipiga vipande vinavyopandana kwa theluthi moja hivi, ambavyo baadaye huungwa kwenye kompyuta. Katika kila kipande huwamo rula ya mita moja, imeegemezwa kwenye sehemu ileile inayopigwa, kwa sababu rula iliyowekwa mita mbili mbele ya boila haipimi kitu.

Halafu kuna jua. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Injini iliyosimama mashariki kwa magharibi huangaziwa ubavu mmoja nusu ya mwaka na ubavu wa pili nusu nyingine, na asiyelijua hilo atalaumu kamera. Mnamo Machi na Septemba jua la saa sita huwa utosini, na chini ya boila hubaki giza tupu. Wapiga picha wa harusi huyachukia mawingu ya Julai. Mimi huyasubiri, maana mwanga wake laini hupenya hadi kwenye mabomba na breki. Chuma cheusi nacho huidanganya kamera, ikakigeuza kijivu na kuziunguza herufi nyeupe, kwa hiyo mimi hupima mwanga kwa kadi ya kijivu.

Sehemu ninayoikalia muda mrefu zaidi ni mikono ya chuma inayoyazungusha magurudumu. Kwenye injini za mvuke ilikuwa desturi ya karakana kugonga nambari ya injini kwenye chuma chenyewe, tarakimu ndogo ambazo mara nyingi zimefunikwa na grisi iliyokauka. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mulika tochi kutoka ubavuni ili kila tarakimu itupe kivuli, kisha upige. Nambari hiyo isipolingana na ya kwenye kibao, umepata ushahidi kwamba kipuri kilihamishwa kutoka injini nyingine. Anayeupaka mkono huo rangi ya fedha ili ung'ae amefuta ushahidi huo.

Kuhusu rangi niseme wazi kwamba sipendi haraka ya kupaka upya. Kabla ya kukwangua chochote, teua mahali padogo pasipoonekana, usugue taratibu kwa msasa wa maji, na rangi zitajitokeza tabaka kwa tabaka hadi kwenye bati: pengine rangi ya juzijuzi, chini yake damu ya mzee ya zama za shirika, halafu rangi ya kuzuia kutu. Piga picha ya duara hilo pamoja na kadi ya rangi sanifu, kwani bila kadi hiyo damu ya mzee ya kwenye skrini yako sio ya kwenye skrini yangu.

Adui mkubwa yuko ndani. Injini hizi zilichoma mafuta mazito, na masizi yake yana salfa. Maji ya mvua yakiingia kupitia dohani, hugeuka tindikali inayolila bati la sanduku la moshi, yaani chumba cha mbele ya boila kilicho chini ya dohani, kuanzia chini. Dohani ifunikwe, masizi yatolewe, na hali ya bati ipigwe picha kila mwaka kutoka pembe ileile. Mahali boila ilipofunikwa kwa asbesto, usibandue hata kipande kwa ajili ya picha.

Mabehewa ya mbao yana adui wengine, mchwa na unyevu. Katika behewa ambamo simba alimtoa Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, kule Kima mwaka 1900, wageni hupiga picha dirisha kwa ajili ya kisa, ilhali mhifadhi huanza na maungio ya mbao chini ya sakafu.

Picha nazo huoza. Negativu za asetati, yaani za filamu ya plastiki ya zamani, zinazonuka siki zimeshaanza kuharibika, na huharibika upesi zaidi penye joto na unyevu kama Mombasa. Zitenge na nyingine, uziweke pakavu penye baridi, na uzinakili mapema. Za kidijitali ziwe na nakala tatu, mojawapo katika jengo jingine, na jina la faili litaje nambari ya injini, ubavu, tarehe na sehemu iliyopigwa.