Uvimbe wa ubongo na daktari wa mionzi: maswali kutoka Nyanda za Juu Kusini

Mume wangu amepewa rufaa kutoka Mbeya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani, Dar es Salaam. Huyo daktari wa mionzi ndiye atakayempasua kichwa?

Hapana, mama. Kupasua ni kazi ya daktari wa upasuaji wa ubongo. Huyu wa mionzi hashiki kisu. Kazi yake ni kulenga. Huchukua picha za CT na MRI, akachora uvimbe ulipoishia, kisha akachora visivyotakiwa kuguswa: mishipa ya macho, shina la ubongo. Hapo ndipo yeye na mtaalamu wa fizikia ya tiba wanapopanga mionzi ipite wapi na kwa kiasi gani. Kwa hiyo picha zote alizopigwa Mbeya msiziache nyumbani.

Mbona hawaanzi mara moja?

Kwa sababu si kila kinachoonekana kwenye picha ni saratani. Huku kwetu, Mbozi hasa, wapo wenye kifafa ambao kichwani wana vifuko vya tegu wa nguruwe. Wengi hudhani ni ugonjwa wa walaji kitimoto tu. Sivyo: mayai ya tegu hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye minyoo hiyo, yakaingia kwenye maji au mboga, hivyo hata asiyeonja nguruwe maishani huupata. Kifua kikuu nacho huweza kuota uvimbe ubongoni. Ndiyo maana mara nyingi hukatwa kipande kidogo cha uvimbe kwanza, kikapimwa.

Inachukua muda gani? Inauma?

Haiumi. Hulazwa amevaa kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa uso wake ili asitikisike. Uvimbe mkali uitwao glioblastoma kwa kawaida hupewa grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa siku 30, Jumatatu hadi Ijumaa, yaani wiki 6. Dozi hugawanywa ili seli zenye afya zipate nafasi ya kujitengeneza. Tafuteni mapema pa kufikia. Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Atachoka, na nywele zitanyonyoka pale mionzi inapopita. Kuwabeba wajukuu ruksa, mionzi ya mashine haibaki mwilini.

Mimi ni mwalimu Iringa. Mwanafunzi wangu wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) anaitaka kazi hii.

Udaktari miaka 5, mafunzo kwa vitendo mwaka 1, kisha shahada ya uzamili ya tiba ya saratani, ambayo Muhimbili inafundishwa. Ubobezi wa ubongo huja baadaye. Mwambie pia kwamba glioblastoma mara nyingi hurudi hata baada ya tiba kamili, na ni daktari huyohuyo anayeketi na familia kuwaeleza.